Upindo wa Sketi ya Mshauri

Dada mtu alianza kusema kabla hata hajakaa.

"Mshauri, nimekuletea mdogo wangu umweke sawa. Kiwandani wanataka kumpa meza ya kukatia vitambaa, awe juu ya washonaji wote, kutwa nzima badala ya nusu siku. Haya, wanangu pacha atawalea nani? Na mimi ndiye niliyemlea huyu tangu mama atutoke! Jibu linatakiwa kesho, naye nikimuuliza, kimya kama maji ya mtungi."

Mshauri, mwanamke wa makamo, alimgeukia yule mdogo mtu, mshonaji. "Wewe unaonaje?"

"Anaona hawezi," dada akadakia.

"Nimemuuliza yeye, mama. Hebu tupishe kidogo."

"Mimi? Nitoke?" Akaukwapua mkoba wake. "Haya. Ila msinisengenye!"

Mlango ulipofungwa, macho ya mshonaji yalitua kwenye sketi ya mshauri. Upindo ulikuwa umefumuka, uzi unaning'inia. Sindano haikuwahi kukosekana mkobani mwa mshonaji. Kufumba na kufumbua alikuwa ameitoa na kupiga goti.

"Upindo umeachia hapa, mama. Sitakuchelewesha."

Ndivyo alivyozoea kuishi. Kila alipoulizwa jambo zito, alikiona kifungo kilicholegea kwenye shati la mtu, akainama kukikaza, na swali likapita juu ya kichwa chake.

Mshauri aliivuta sketi yake taratibu. "Asante, mwanangu. Leo iache hivyo hivyo. Kaa."

Akakaa. Mikono yake, kwa kukosa kazi, ikawa mizito mapajani kama ya kuazima.

"Hiyo meza ya kukatia ikoje?"

"Ndefu." Akapima kwa mikono hewani. "Unatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, unachora kwa chaki, kisha unapitisha mkasi. Ukikosea, umeharibu sare za darasa zima. Mimi sikosei."

Hapo hapo akaziba mdomo, kana kwamba ametukana mbele za watu.

"Hebu rudia," mshauri akasema.

"Sikosei, mama." Safari hii mkono haukupanda mdomoni. "Naitaka ile meza. Pacha nawapenda, jioni nitawaogesha kama kawaida. Lakini dada ataona nimemtupa. Mwambie wewe, atakusikia."

"Nikimwambia mimi, utakuwa umebadilisha msemaji tu."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Alimkumbuka dada akimsuka nywele asubuhi za shule, huku mwenyewe hajanywa hata chai. Deni la namna ile halikuwa na risiti. Hata hivyo, alipoinua uso, alikwenda mwenyewe kufungua mlango.

"Dada, ingia."

Dada aliingia akimtazama mshauri. "Haya, amekubali kubaki?"

Mshauri akamgeukia mshonaji. Uzi ule ukaning'inia mbele ya macho yake, ukimwita. Akavikunja vidole vyake.

"Niulize mimi, dada. Kesho naikubali meza. Malezi ya mchana tutayatafutia mtu, nami nitachangia. Sikutupi. Ila nimeshaamua."

Dada aliketi kwa kishindo. "Tangu lini wewe una sauti?"

"Hata mimi ndiyo kwanza naisikia."

Dada alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka puani. Akatafuta pa kuficha uso, akauona upindo. "Na sketi ya mwenzio imefumuka hivi, hukuiona?"

"Nimeiona," mshonaji akajibu, na hakuinama.