Mlango Usiokuwamo Kwenye Kifurushi

Jumamosi walianza saa tisa na robo, kama walivyofanya kwa miaka kumi na mmoja, kwenye meza ya kulia ya mchora ramani. Siku za kazi mwanamke huyu alichora mipaka ya viwanja vya watu katika ofisi ya upimaji. Jumamosi alichora ngome, mapango na miji ambayo haikuwahi kujengwa, kisha akawapitisha humo watu watatu kwa maneno matupu. Yeye alisimulia, wao walisema wahusika wao wanafanya nini, na dadu la pande ishirini likakata shauri. Wa kwanza alikuwa kaka yake mkubwa, fundi kufuli, ambaye hata mchezoni alikuwa fundi kufuli kwa sababu hakuona haja ya kujisumbua. Wa pili alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwalimu wa hesabu. Wa tatu alikuwa muuguzi, rafiki yake tangu shule.

Mwaka ule muuguzi alihamishiwa hospitali ya mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Shemeji ndiye aliyekuja na habari za jukwaa la kuchezea mtandaoni.

"Unalipia kila mwezi, basi," alisema. "Kila mtu anaingia kwenye kompyuta yake huko huko aliko. Ramani zimo, taa zimo, hesabu zote linapiga lenyewe."

"Hesabu si ndiyo kazi yako?" fundi kufuli aliuliza.

"Ndiyo maana Jumamosi nataka kupumzika."

Mchora ramani hakulipenda jambo hilo, ila alishindwa kulieleza vizuri. "Kwenye karatasi," alisema, "mtu akikwama namwonea huruma. Nasema haya, kuna dirisha."

"Hiyo si huruma, shemeji. Hiyo ni kuiba mchezo."

Lakini alipomwona muuguzi kwenye kioo cha kompyuta, bado na sare ya kazini, akicheka na kusema nyie nimewakosa, alilainika. Na kusema kweli jukwaa lilikuwa zuri. Ukishika taa, mwanga uliishia hatua tano mbele, na baada ya hapo ukungu. Maji ya mtaroni yalisikika. Shemeji hakugusa kalamu jioni nzima.

Jumamosi ya pili, mchora ramani alimwingiza kaka yake kwenye ghala lililo chini ya ngome, akafunga mlango nyuma yake ili kumtia hamu, kisha akaenda jikoni kuepua chai. Aliporudi, kiti cha kaka kilikuwa kitupu. Kandambili zake zilikuwa chini ya meza, moja imelalia nyingine. Kwenye kioo, pale alipokuwa amesimama mtu wa kuchorwa mwenye joho, alisimama fundi kufuli mwenyewe, peku, na shati lake la mistari, akijipapasa mifukoni.

"Ameingia," alisema shemeji.

"Naona."

"Koleo na waya anavyo," alisema muuguzi kutoka huko aliko. "Mfuko wa kulia umetuna."

Saa kumi na mbili wifi, mke wa kaka, alikuja kumchukua mumewe. Wakamwonyesha. Aliinama, akakaza macho.

"Shati lile nilimwambia alivue nilifue tangu juzi," alisema. Kisha akavuta kiti. "Anatoka saa ngapi?"

Jukwaa lilikuwa na kisanduku cha kuandikia, na humo maneno ya kaka yalikuwa yameanza kuonekana. *Mimi mzima. Kuna joto. Kufuli hili halina tundu.* Huyu alikuwa mtu aliyefungua makabati ya chuma ya benki mbili, na mara moja geti la kituo cha polisi, polisi wenyewe walipojifungia nje. Shemeji alibofya mlango wa ghala. Yakatokea maandishi: *Mlango huu ni wa wenye kifurushi cha Mfalme.* Wao walikuwa na kifurushi cha Msafiri.

Walinunua cha Mfalme pale pale. Mlango ukafunguka, kaka akapita, akakuta ghala jingine la kipimo kile kile, lenye pipa lile lile lililopasuka ubavuni. Akakaa juu ya pipa.

Jumatatu, saa ya mapumziko, mchora ramani alipiga simu ya huduma kwa wateja. Alipokewa na kijana mwenye sauti ya upole.

"Pole sana, dada. Naliona tatizo lako hapa. Ila kilichotengenezwa ndani ya jukwaa kinabaki ndani ya jukwaa. Kifungu cha kumi na nne."

"Hakutengenezwa kwenu. Amezaliwa na mama yangu."

"Nakuelewa kabisa. Una cheti cha kuzaliwa?"

Alikituma. Baada ya siku tatu alijibiwa kwamba wameshukuru kukipokea, lakini picha ilikuwa nzito kuliko kifurushi chake kinavyoruhusu.

Kaka hakusikia njaa wala ndevu hazikuota. Kilichomsumbua ni kwamba ghala halikuwa na dirisha na taa haikutikisika hata kidogo. Mwanzoni aliandika kila saa, na utani juu. Baadaye mara moja kwa siku. *Leo nimehesabu mawe ya ukuta. Mia nne na kumi na mawili. Jana pia.* Muuguzi aliacha kioo wazi zamu nzima ili ahesabu pumzi zake, akasema ziko sawa, ila anahema kama mtu aliyeketi kwenye foleni.

"Tuache kulipa," wifi alisema siku moja. "Tusipolipa si watamfukuza? Kila mpangaji hufukuzwa."

Shemeji alikuwa ameshasoma. Aliwasomea bila kuinua macho: mteja akiacha kulipa, vyote vilivyomo kwenye akaunti yake vinafutwa baada ya siku thelathini. Wifi alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Wakalipa.

Mchora ramani alianza kulala vibaya. Kazini alichora kiwanja cha mjane mmoja kisicho na njia ya kutokea, na bosi wake akamrudishia karatasi. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata, kabla wenzake hawajafika, alitandika mezani karatasi nene ya ofisini, akachonga penseli mbili, akamwandikia kaka yake: *Pima chumba.* Kaka alitembea kisigino kwa kidole. Miguu minane kwa sita.

Akakichora chote, pipa na rafu na taa, jiwe kwa jiwe. Wifi na shemeji walikuwa wameshafika, na muuguzi yuko kiooni, alipofika ukuta wa kaskazini.

"Kaka, sikiliza," alisema kwa sauti, huku muuguzi akiyaandika maneno kisandukuni. "Unapapasa ukuta wa kaskazini. Mkono wako unagusa mbao. Ni mlango mdogo, wa zamani. Una kufuli, na kufuli lina tundu."

Alimtazama shemeji, akingoja amwambie anaiba. Shemeji alitoa dadu la zamani mfukoni. "Lazima litupwe," alisema. "La sivyo halihesabiki."

Akalitupa. Lilizunguka, likagonga sahani, likatulia kwenye saba. Saba kati ya ishirini haijawahi kufungua hata dirisha la choo.

"Inatosha," alisema mchora ramani.

"Inatosha kabisa," alisema mwalimu wa hesabu.

Kwenye ukuta wa chumba cha kulia, kati ya kabati la vyombo na swichi ya taa, wakasikia waya ukikwaruza chuma. Ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha chokaa ikabanduka, na mkono wa fundi kufuli ukatoka ukutani mpaka kwenye kiwiko, na kovu lake la moto kwenye kidole gumba. Wifi aliudaka kwanza. Ulikuwa wa moto, na ulinuka mafuta ya taa.

Walivuta wote watatu. Kwenye kioo yakaja maandishi: *Kitendo hiki hakimo kwenye kifurushi chako.* Wakavuta tena, shemeji akiwa ameweka mguu ukutani, mpaka kisanduku kikaandika: *Jamani mnaniumiza.* Wakaachia. Mkono ulibaki pale pale, ukifungua na kufumba vidole.

Wifi alikwenda jikoni, akarudi na beseni la maji ya vuguvugu. Akauosha vizuri, akaukausha, akaukata kucha. Mchora ramani alisimama karibu na penseli mkononi. Alijua kwamba angeweza kuchora mlango mpana zaidi, na alichora, mara tisa, kwenye karatasi tisa, na kila mara mkono ulitoka mahali pale pale na kwa urefu ule ule.

Mwisho wa mwezi ilikuja barua ya jukwaa. Waliwapongeza kwa ubunifu wao. Kuanzia mwezi ujao tundu hilo lingeitwa Mlango wa Familia, nalo lingekuwa kifurushi cha peke yake, juu ya kile cha Mfalme. Wasiolipia wangefungiwa.

"Lakini nimeuchora kwa penseli," mchora ramani alimwambia kijana wa simu. "Kwenye karatasi. Mezani kwangu."

"Nakuelewa kabisa, dada. Ila umefungukia kwetu."

Jirani wa kwanza alikuja na kufuli la stoo lililokwama kwa kutu. Hakuna aliyemwita, alisikia tu kwamba fundi yupo. Mkono ulilipapasa, ukaomba waya kwa ishara ya vidole, ukalifungua kwa dakika mbili. Kesho yake walikuja watatu. Wifi aliweka kigoda chini ya ukuta na kikapu cha makufuli, akawa anampa moja moja na kupokea malipo. Yalitosha vifurushi vyote viwili, na mara nyingine yalibaki ya sabuni. Kaka aliandika kwamba sasa siku zina mwanzo na mwisho. Kuhusu mawe hakuandika tena.

Jumamosi waliendelea kucheza, kwa sababu vifurushi vilikuwa vimelipiwa. Muuguzi alionekana kiooni, shemeji alikaa upande wa dirishani, na zamu ya kaka ilipofika walimwekea dadu kwenye kiganja, akalitupa bila kuliona. Mchora ramani alisoma namba. Akiwa peke yake alijizoesha kupita upande ule wa chumba bila kuugusa ukuta, na akipita karibu kwa bahati mbaya mkono ulimshika mkono wake, ukamminya kidogo, ukamwachia.

Mvua zilipokwisha kuta za chumba zilikuwa zimefifia, mchora ramani akamwita fundi wa kupaka rangi. Alikuwa mtu wa makamo, mwangalifu, aliyefunika meza na viti kwa magazeti kabla ya kufungua ndoo. Alipaka kuanzia dirishani, akazunguka, na kufika saa sita alikuwa amefika kati ya kabati na swichi. Akasimamisha brashi.

"Samahani, mzee," alisema. "Inua kidogo."

Mkono ukainuka. Akapaka chini yake, akazungushia kiwiko kwa uangalifu bila kuchafua ngozi, akaenda zake kula. Mkono ukakaa juu hivyo hivyo mpaka rangi ilipokauka.