Sabuni Chini ya Kilima

Siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwanamume ambaye Desanka hakuwahi kumwona alibisha mlango wa jikoni mwa mkahawa wake, akasimama kwenye theluji na kabichi lililochachushwa mkononi. Hakusalimu. Alimnyooshea tu.

"Nusa, jirani."

Desanka akanusa. Kabichi lilinuka mafuta ya nguruwe, mafuta yake mwenyewe, yale aliyokuwa akiyayeyusha wiki nzima.

Mgeni akajitambulisha: Vitomir, aliyehamia nyumba ya chini ya kilima mwezi uliopita. Maji machafu yalikuwa yamefurika kwenye ghala lake la chini hadi yakaingia ndani ya pipa la kabichi, na kesho ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wake. Wageni wa siku hiyo hawaalikwi, huja wenyewe, naye angewapokea kwa mara ya kwanza katika mtaa usiomjua.

"Watasema nimewaandalia chooni," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Desanka.

Fundi Ljubinko akaitwa. Akafunua sanduku la chuma chini ya sinki, ambalo kazi yake ni kunasa mafuta ili bombani yapite maji peke yake. Lilikuwa safi kama sahani, na usafi huo ukamtia shaka. Akauliza nani huyachota mafuta yake.

Desanka akakiri. Tangu masika aliagizwa ayachote mafuta yale kwa upawa kila wiki, lakini yalimtia kichefuchefu. Badala yake alimwaga kostiki soda na maji ya moto, yakayeyuka, akayasahau. Kwa mafuta na kostiki hiyohiyo kila nyumba ya mji ule hupika sabuni. Yeye alifundishwa na mama yake akiwa na miaka saba. Hakuwahi kufikiri kwamba mchanganyiko huo, ukishapoa huko ardhini, ungeganda vilevile.

"Dada Desa," Ljubinko akasema, "umepikia mtaa mzima sabuni. Tatizo ni mahali ulipoianika."

Aliyecheka ni Vitomir. Desanka hakuweza. Akamwahidi kwamba bomba litazibuliwa, na kwamba jikoni kwake halitamwagwa hata tone mpaka padri awe amekata mkate wa sikukuu huko chini. Padri alitarajiwa saa nne asubuhi. Walimu wastaafu arobaini, waliokuwa wakila kwake kila mwaka siku hiyo, wangefika saa saba. Nafasi ilitosha.

Asubuhi Ljubinko alichimbua mabonge ya kijivu, mazito kama matofali. Kufikia saa sita maji yalianza kupita, ila bomba lilikuwa bado limebanwa nusu. Padri naye alikuwa hajaonekana. Siku ya Nikola nusu ya mji husherehekea, na padri ni mmoja, nyumba kwa nyumba.

Saa saba kasoro walimu wakaonekana wakivuka uwanja. Samaki walikuwa bado na magamba.

"Fungua kidogo tu," Ljubinko akanong'ona. "Hayatamfikia. Hata yakimfikia, hatajua ni ya leo."

Desanka alikwisha kushika bomba la sinki. Alijua huenda fundi anasema kweli.

"Miezi minane nami sikujua yanakokwenda," akasema, akaliachia.

Akatoka bila koti, akawaeleza walimu kosa lake bila kulipamba, kisha akawavusha mwenyewe hadi mkahawani kwa Radosav, mshindani wake, aliyekuwa akiwatamani kwa miaka.

"Umechoka kupika, mama?" Radosav akamtania.

"Leo wapikie wewe."

"Na wakinizoea?"

"Basi watakuzoea."

Akarudi, akakaa kwenye ngazi ya jikoni karibu na beseni la samaki. Saa tisa padri akateremka kilima mbiombio, kanzu ameikusanya mkononi. Desanka hakunyanyuka. Alingoja mpaka aliposikia wanaimba wimbo wa kukata mkate kule chini, akangoja wimbo umalizike, kisha ndipo akaingia kufungulia maji.