Kiti cha Mhusika

Mwalimu wa fasihi alikuwa na ugomvi mmoja na dunia: majibu ya kukariri. Ukimuuliza mwanafunzi riwaya imemgusa wapi, anakumwagia dhamira, ujumbe na falsafa, vyote kavinyofoa kwenye vijitabu vya maswali na majibu, na kitabu chenyewe hajakifungua. "Bora kasuku," alikuwa akisema ofisini, "angalau ana manyoya mazuri."

Basi akabuni kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, kinawekwa mbele ya ubao. Anayekikalia huwa mhusika wa riwaya, na wenzake humuuliza maswali. Sheria zilikuwa chache. Usimsahihishe aliyekaa. Usiulize kilichotokea, hicho kimo kitabuni. Uliza alijuaje, alihisi nini, kwa nini alinyamaza. Akikupa nusu ya jibu, subiri nusu nyingine. Watoto walikipenda kiti kile kuliko mapumziko, na maswali yao yakawa makali kama wembe.

Siku ya wazazi, mkuu wa shule alitaka wageni waone maajabu hayo. Wazazi wakajibana kwenye madawati ya nyuma, magoti yakigonga mbao. Katikati yao alikaa seremala, mtu mpole ambaye kila likizo huja kukarabati madawati ya shule kwa hiari yake, na hakuna mwalimu asiyemsifu. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Aliteleza ngazini na beseni la nguo, ndivyo watu walivyoambiwa, na mwalimu mwenyewe alikwenda kutoa pole.

Riwaya ya muhula ule ilihusu binti ambaye mama yake alitumbukia kisimani, na mtaa mzima ukakubali kwamba aliteleza.

"Nani atakuwa binti?" mwalimu aliuliza.

Mkono mmoja ukanyanyuka. Ulikuwa wa mtoto wa seremala. Wenzake walimwita Bi Kimya, maana tangu msiba ule hata akiitwa jina asubuhi hunyoosha kidole tu. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau kufikiri. Hilo ndilo kosa lake na lisemwe wazi: aliona somo lake limefaulu, hakumwona mtoto.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, dada," mwalimu wa hesabu alimtania mtoto kutoka mlangoni.

Bi Kimya akakaa, mikono mapajani. Kiranja ndiye aliyeanza.

"Binti, siku ile ulikuwa wapi?"

"Chini ya meza ya jikoni."

Kitabuni binti alikuwa shuleni. Wawili watatu wakaguna, lakini sheria ni sheria.

"Kwa nini ulikuwa chini ya meza?"

"Nilijificha. Walikuwa wanagombana."

"Sasa ulijuaje kwamba mama ameanguka?"

"Nilisikia beseni linashuka ngazi moja moja. Halafu yeye."

Kisima gani kina ngazi? Mwalimu akatupa macho nyuma. Seremala alikuwa akitabasamu, tabasamu lake lile la siku zote, viganja vimetulia juu ya dawati.

"Haya, tumshukuru mwenzetu," mwalimu alisema. "Twende kwa mhusika mwingine."

"Hajamaliza, mwalimu," alisema msichana wa mstari wa mbele. "Ametupa nusu."

"Mwache mtoto amalize," seremala akasema kwa upole. "Anafanya vizuri sana."

Hapo mwalimu aliogopa kweli kweli. Alifungua mdomo, lakini msichana wa mbele alishauliza, tena swali alilofundishwa na yeye mwenyewe.

"Kwa nini ulinyamaza?"

Bi Kimya hakumtazama mtu. "Kwa sababu aliinama, akaniona. Akaniambia, hata wewe unapanda ngazi hizi hizi kila siku."

Kisha mama mmoja akasema, "Jamani, mtoto huyu ana kipaji!" akapiga makofi, na wazazi wote wakafuata. Seremala naye alipiga makofi huku akisimama. Akapita katikati ya madawati taratibu, akamwekea bintiye mkono begani.

"Hongera, mwalimu. Kitabu kizuri. Twende nyumbani, mama."

Mwalimu alishika uongo wa kwanza uliomjia. "Maneno yale nilimtungia mimi, baba. Mazoezi tu. Mtoto hana analolijua."

Alidhani anamkinga. Bi Kimya akainua uso.

"Hukunitungia, mwalimu. Mbona unasema hivyo?"

Ndipo mwalimu alipoelewa, na aibu ikamwingia hadi kwenye mifupa. Mtoto hakusahau kwamba baba yumo ndani. Alikaa pale kwa sababu yumo, na watu wazima tele wamo, na kiti kile ndicho mahali pekee alipoahidiwa kwamba hakuna atakayemsahihisha. Na wa kwanza kumsahihisha alikuwa yeye.

Akamshika mtoto mkono. "Haendi nyumbani." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na makofi yakakatika. "Mkuu, tafadhali piga simu polisi. Mtoto huyu haendi nyumbani."

Mkuu wa shule alicheka kidogo, akimwangalia seremala kama anayemwomba radhi. "Mwalimu, jamani. Si riwaya tu hiyo?"

Wazazi wakatazamana. Mmoja akaanza kukusanya mkoba wake. Seremala hakukasirika. Alivuta dawati hadi mlangoni, akalitikisa kuona kama liko imara, akakaa.

"Hakuna neno," akasema. "Mwalimu amechoka. Nitamsubiri mwanangu."

Kucha za Bi Kimya zilikuwa zikizama kwenye kiganja cha mwalimu. Mwalimu alirudia ombi lake, mara hii akilitamka neno moja moja. Mkuu wa shule alikuwa bado anatabasamu, na simu yake ilikuwa bado mfukoni.