Kitenzi Kisicho na Mtu

1.

UJUMBE WA SAUTI. Namba ya nje. Mwanamke anaongea Kihispania, hapumziki. Yote ni kelele isipokuwa neno moja, nalo analitamka vibaya:

Mayunga.

2.

Naitwa Gaudensia, mwalimu mstaafu. Ujanani nilisomea Kuba, na hapa mtaani kwetu Tabora hakuna asiyejua. Ndiyo maana mama yake Mayunga alikuja kwangu mbio, kandambili moja imebaki njiani.

"Mwalimu, huyu dada anasemaje?"

Nilisikiliza mara mbili. Kijana wake, fundi ujenzi huko Hispania, ameanguka kutoka ghorofani. Yuko hospitali. Anapumua kwa mashine.

Nilimwambia yote. Hakulia.

"Nifundishe. Nisiwe naomba mtu kila nikitaka kujua hali ya mwanangu."

3.

TANGAZO, mlango wa jiko la shule

Mpishi mkuu, Bi. Nyamizi Kasanda, ana dharura ya kifamilia. Uji utachelewa. Wanafunzi mnaombwa kuwa na subira.

4.

Msomaji, ungemfundisha nini mtu asiye na muda?

Mimi nilitupa nafsi. Nikatupa nyakati. Nikabaki na kitenzi kitupu, kisichomjua mtu, kisichojua jana wala kesho. Sisi tunakivika ku- kichwani. Wao wanakifunga r mkiani.

oír     kusikia
hablar     kuongea
respirar     kupumua

Kisha maneno ya kutangulia. Puede oír: anaweza kusikia. Quiero hablar: nataka kuongea. Dejar de hablar: kuacha kuongea. Hay que esperar: inabidi kusubiri.

"Inabidi nani asubiri?" akauliza Nyamizi, mama yake Mayunga.

"Hapo hatajwi mtu."

"Basi ni mimi."

5.

Jikoni, wasaidizi wake:

"Mama Mayunga anaongea na sufuria."

"Anasemaje?"

"Respirar, respirar."

"Mungu wangu. Mwache tu. Nipe mwiko."

6.

Mimi Nyamizi nasema hivi. Nesi wao anaitwa Inés. Kila mchana nampigia, namuuliza: ¿puede oír? Ananijibu maneno mengi. Nayaacha yapite kama magari ya watu wengine, nasubiri yale yenye r mkiani. Leo limepita moja tu. Dormir. Kulala.

Nikashukuru. Kulala si…

7.

BARUA YA HOSPITALI, KWA FAMILIA YA MGONJWA. Baada ya vipimo kurudiwa, jopo la madaktari halioni dalili ya ubongo kurejea katika hali yake. Tunaomba kuzungumza nanyi kuhusu hatua inayofuata. Tunawapa pole kwa kipindi hiki kigumu.

8.

Mimi tena, Gaudensia. Tulikaa sebuleni kwangu, simu mezani, sauti imefunguliwa. Kwenye simu ya Inés, daktari aliongea taratibu, kwa heshima.

"Sin la máquina, va a dejar de respirar."

Nilikuwa nimeshaandaa sentensi laini.

"Anasema, Mama Mayunga, kwamba wataangalia jinsi ya…"

"Mwalimu."

Nikamgeukia.

"Dejar de ni kuacha. Umenifundisha mwenyewe. Bila mashine ataacha kupumua."

"Ndiyo."

"Ndiyo," akarudia, akaikunja kanga mapajani, akaikunjua.

9.

Akaivuta simu kwake.

"Inés. Quiero hablar. Mayunga. Oír."

Sentensi imevunjika kila mahali. Inés akaielewa. Tukasikia viatu vikitembea, kisha mashine, karibu sana, ikivuta, ikitoa.

Hapo Nyamizi akaacha Kihispania.

"Baba, ni mama. Usiwaogope hao, wanakuhudumia vizuri. Ukiweza, rudi. Ukiwa umechoka, baba… ukiwa umechoka sana, pumzika. Sitakasirika."

10.

Mashine.

Mashine.

Halafu kelele ya vifaa, na Inés akimwita mtu kwa sauti ya juu:

"¡Acaba de…!"

Mtandao ukakata.

"Mwalimu, acaba de ni nini?"

Hiyo sikuwa nimemfundisha. "Ni kitu ambacho mtu ametoka kukifanya. Sasa hivi hivi."

"Ametoka ku-nini?"

Nikafungua mdomo. Ilikuwemo ku- peke yake.

Hakunisubiri. Anabonyeza namba ile ndefu, anakosea, anaanza upya.

Inaita.