Dada wa Marehemu Wote

Kilichoharibu hodi ya Kwansima, siku wageni walipokuja kumposa, ni mjomba wake kuchelewa. Angefika kwa wakati, wageni wangesema lililowaleta, chupa mbili za pombe kali zingepokelewa, na hakuna ambaye angepata nafasi ya kusoma ukuta.

Lakini Mjomba Bentsil, mkuu wa ukoo, alikuwa bado anatafuta kiatu cha pili. Wageni wa upande wa Ato, yule kijana aliyetaka kumuoa Kwansima, walikuwa wamepangana sebuleni kama watu wanaomsubiri daktari. Maji walishakunywa. Joto la mji wa Saltpond walishalilaumu. Kilichobaki ni kutazamana, na mama mdogo wa Ato hakuwa mtu wa kutazama watu. Alikuwa mtu wa miwani. Akishika pakiti ya biskuti anasoma mpaka anuani ya kiwanda. Basi akainua macho, akaona bango la tanzia la babu Eduamoah, lililokuwa ukutani ndani ya fremu tangu azikwe miaka sita nyuma.

AMEITWA NYUMBANI, bango lilisema. Chini yake babu, na kofia ambayo haikuwa yake. Chini ya kofia na babu, majina: wajane, watoto, wajukuu, ndugu. Wenye nyumba walilipita bango hilo kila siku, na hakuna aliyewahi kusoma kuvuka kidevu cha babu.

"Dada zake marehemu," mama mdogo akasoma kwa sauti, "Ekua Nyarkoa..."

"Huyo mama yangu mzazi!" mama yake Kwansima akasema kwa furaha.

"...na Madam Egyirba Turkson."

Madam Egyirba Turkson alikuwa amekaa palepale, kwenye kochi kubwa, kitenge kipya, mkoba mapajani. Ndiye bibi yake Ato, mama wa mama yake. Watu wote wakamgeukia. Yeye akawa anaitazama feni.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa hesabu ile. Ukoo ni wa mama. Kama bibi yake Kwansima na bibi yake Ato ni dada wa tumbo moja, basi Kwansima na Ato ni ndugu, na ndugu hawaoani hata wapendane vipi. Mjomba Bentsil alipoingia, viatu vyote viwili miguuni, akakuta chupa zinarudishwa kwenye mfuko.

"Kuna nini tena?"

"Bango lako hilo," mama mdogo akasema. "Nani aliliandika?"

"Ukoo uliandika."

"Ukoo ndiyo nani?"

Mjomba akakohoa. Akasema bango ni bango. Akaulizwa maana yake nini, akakohoa tena. Wakamgeukia bibi mwenyewe, Nana Egyirba kama mji unavyomwita. "Nana, wewe ni dada yake marehemu au siyo?"

"Jina langu si mmelisoma?" Nana akajibu.

Ikaamuliwa warudi Jumamosi inayofuata. Kama ukoo wa Kwansima hauna ushahidi kwamba hao wawili si ndugu, Ato atafutiwe mke mwingine.

Ato alimsubiri Kwansima nje, uso umemshuka.

"Sasa mimi nikuiteje? Dada?"

"Niite hivyo tena uone."

"Mi nauliza tu."

"Usiulize. Nitatafuta mwenyewe."

Alianzia kanisani, maana babu alizikwa na kanisa na kanisa lina kitabu cha maziko. Karani, Bwana Aikins, alimfungulia bila kinyongo. Kitabu kilisema Kofi Eduamoah alikufa akiwa na miaka sabini na moja. Bango lilisema themanini na tisa. Kwansima akatoka kwenda makaburini kuhakikisha, akakuta jiwe linasema tisini na nne. Babu alikuwa ameendelea kuzeeka baada ya kufa.

Akarudi kwa karani. "Na mama yake babu, hapa mbona patupu?"

"Aliyeleta habari za msiba hakujua."

"Aliyeleta ni nani?"

Karani akasogeza kidole. "Bentsil. Si mjomba wako huyo?"

"Ndiye."

"Basi muulize. Sisi tunaandika aliyezikwa, binti. Nani dada yake nani, hiyo ni kazi ya bango."

Kwa hiyo akayafuata mabango. Saltpond haina ukuta usio na marehemu. Wapya wanabandikwa juu ya wa zamani mpaka ukuta unanenepa. Kwenye kituo cha magari alimkuta mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kabila la Waewe, wa Keta kabisa, asiye na ndugu hata mmoja upande huu. Dada yake: Madam Egyirba Turkson. Kwansima akasoma mara mbili. Kwenye kibanda cha fundi cherehani kulikuwa na kijana mfunga matairi, aliyekufa ghafla, MSHTUKO ULIOJE. Shangazi yake: Madam Egyirba Turkson. Karibu na msikiti, tangazo la arobaini ya Alhaji Seidu, mfanyabiashara wa kokwa za kola kutoka kaskazini ya mbali. Dada yake mpendwa: Madam Egyirba Turkson.

Lile la Alhaji alikuwa analibandua taratibu kwa ukucha, mwenye ukuta akatoka.

"We binti, unalibandua la nini? Ni mtu wenu?"

"Dada yake ni bibi wa mchumba wangu."

Yule mzee akamwangalia, akaangalia bango. "Pole sana," akasema, akaenda kumletea maji ya kulilowesha litoke vizuri.

Mpaka Alhamisi alikuwa na furushi zima. Akaenda nalo kwa mama mkubwa wake, Araba, ambaye alikuwa anakaanga samaki na hakutaka kuona karatasi yoyote karibu na mafuta.

"Weka kule. Unashangaa nini? Nani mwenye maturubai mji huu?"

"Nana Egyirba."

"Viti vya plastiki?"

"Nana Egyirba."

"Basi. Msiba umeingia, watu mia tatu wanakuja, mfukoni huna kitu. Unaenda kwake. Anakwambia, chukueni tu, mimi niandikeni jina. Utakataa?"

"Yaani Mjomba alimfanya dada kwa ajili ya maturubai?"

"Na viti. Viti vilikuwa vingi."

"Sasa siku ile ya wageni si angesema tu?"

"Aseme nini? Mkuu wa ukoo mzima, mbele ya wakwe, kwamba udada wa babu aliukodisha? Na sisi dada zake tumuumbue? Afadhali wewe ukose mume."

Kwansima akalikaza fundo la furushi. "Na Nana je? Yeye anapoteza nini akisema?"

Mama mkubwa akageuza samaki. Akawageuza wote, mmoja mmoja. "Hilo mimi sijui, mwanangu. Mimi kwangu hakuwahi kunidai chochote."

Jumamosi Mjomba Bentsil aliwahi kuliko wageni. Nana Egyirba akaketi kwenye kochi lilelile. Mwenye kuposwa hatakiwi kusema neno mpaka aulizwe, na Kwansima hakusema neno. Alifungua furushi, akapanga mabango sakafuni, moja baada ya jingine, kutoka mlangoni mpaka miguuni kwa Mjomba.

Mama mdogo akavaa miwani. Hakuna aliyemwomba asome, na hakuna ambaye angemzuia. Akasoma la mwalimu wa Keta. Akasoma la mfunga matairi. Alipofika kwa Alhaji, "dada yake mpendwa," mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na wa pili akamfuata, na sebule yote ikapasuka. Mjomba akainamisha kichwa. Kwansima alikuwa ameshinda, na alilijua hilo kwa muda mfupi sana, mpaka alipoona mikono ya Nana Egyirba. Ilikuwa inafungua mkoba na kuufunga, na ndani ya mkoba hakuna alichokuwa anatafuta.

"Mmemaliza kucheka?" Nana akauliza.

Wakamaliza.

"Mji huu niliingia mgongoni kwa mwanamke muuza samaki wa moshi. Alikuwa anajua kwetu ni wapi. Alikufa kabla sijafika umri wa kuuliza. Nimezaa mmoja, kisha nikamchukua huyu wa miwani nikamlea kama wangu, ndiyo anasoma mabango." Mama mdogo akavua miwani. "Nimepanga viti misiba yote ya hapa. Nimeona mabango ambayo mahali pa ndugu ni patupu. Watu wanasimama wanasema, huyu lazima alikuwa mchawi. Nikasema langu lisije kuwa hivyo. Nikiwa dada wa watu wengi, nikifa, wachache watarudisha, waandikwe kwenye langu." Akaufunga mkoba. "Sasa mmetaka kusikia. Mimi si dada wa Eduamoah. Si dada wa Alhaji. Si dada wa mtu. Waoane."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Feni ilikuwa imezimika na umeme. Mjomba Bentsil akasimama, akakohoa, akaona kikohozi hakitoshi.

"Nana," akasema, "nililiandika mimi. Maturubai yalikuwa manne. Sikukulipa na sikukushukuru."

"Sita," Nana akasema.

"Sita. Lakini kuanzia leo wewe ni mkwe wetu, na hilo silikodishi. Siku yako ikifika ukoo wangu wote utaandikwa."

"Wakwe wanaandikwa chini kabisa, karibu na namba ya simu ya mchapaji."

"Tutawapandisha."

"Mpaka wapi?"

"Juu ya wajukuu."

Nana akafikiri. "Juu ya wajukuu, sawa. Na mtu asinivalishe kofia. Mama Ato, toa chupa."

Mama yake Ato akazitoa chupa kwenye mfuko. Kwa desturi binti huulizwa mara tatu, ukoo usije kulewa bure. Kwansima alikuwa amepiga magoti katikati ya mabango.

"Kwansima, kinywaji hiki tukipokee?"

"Pokeeni, Mjomba."

"Kwansima, tukipokee?"

"Pokeeni."

"Kwansima, kwa mara ya—"

"Amesema mpokee!" Nana Egyirba akafoka. "Ukoo gani huu hausikii? Na wewe mkwe, inuka sakafuni, njoo ukae hapa."

Kwansima akainuka. Kwenye kochi hapakuwa na nafasi. Mama mdogo akatazama, akahamia kwenye kigoda.