Taa Kali ya Delmar

Delmar hajawahi kununua kitu kwa sababu anakihitaji. Gari lake lina matairi ya kupandia milima, na hapa kwetu Kansas mlima tunausikia kwa watu. Kwa hiyo Jumamosi ile alipoingia kwenye duka langu la silaha kutafuta taa ya kufunga chini ya mtutu wa bastola yake, nilijua atachagua ipi kabla hajafungua mdomo.

Alikuja na mkewe Lorene, dada yangu. Lorene alishamwambia wazi kwamba hamwogopi mwizi, anamwogopa yeye na bastola yake. Sanduku lake la nguo lilikuwa tayari garini. Alimpa nafasi moja ya mwisho, amwone akifanya jambo hili kama mtu mzima.

"Shemeji, nipe hiyo kubwa," akasema Delmar. "Hiyo inayopofusha."

"Si bastola unaificha chini ya shati? Chukua hii fupi, inaingia kwenye ala yako. Ukivaa hiyo utatembea kama umeiba boga."

"Unauza au unahubiri?"

"Nauza. Chukua na tochi ya mkononi. Hiyo ya bastola si ya kutafutia vitu, Delmar. Ukimulika kitu, mtutu nao umeshakielekea."

"Mimi nimezaliwa na bunduki, bwana!"

Amezaliwa na bunduki! Kulungu pekee aliyewahi kumuua, alimgonga na gari. Debe tupu haliachi kuvuma.

Akatoa bastola. Nikanyoosha mkono niikague kwanza, akaivuta kwake.

"Haina kitu. Magazini ya risasi nimeiacha garini."

Akaifunga taa mwenyewe, ulimi nje. Funguo za gari, ambazo Lorene alikuwa akizichezea kwa wasiwasi, zikamponyoka zikaingia chini ya kabati la vioo. Akapiga magoti, akapeleka mkono gizani.

"Ngoja mpenzi, nikumulikie."

Mwanga mweupe ukalipuka chini ya kabati. Niliviona vidole vya dada yangu mle ndani, na mtutu umevielekea.

Lorene aliokota funguo, akasimama polepole.

"Nini sasa?" Delmar akashangaa. "Nimekwambia haina kitu!"

Nilimpokonya bastola, nikavuta nyuma kifuniko chake cha juu. Risasi moja nzima, haijafyatuliwa, ikaruka kutoka ndani ya mtutu, ikadunda kwenye kioo cha kaunta, ikabingirika hadi mbele ya Lorene. Mjinga alitoa magazini akaisahau ile risasi iliyokwisha kuingia mtutuni.

Lorene akaitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Taa nzuri, Delmar. Nimeona kila kitu."

Akatoka. Tukasikia gari likiwaka, kisha yale matairi ya milimani yakisaga changarawe hadi barabarani.

"Shemeji," Delmar akasema kwa sauti ndogo, "sasa mimi nitafikaje nyumbani?"

Nikaifungia bastola yake kwenye sefu, nikamsogezea ile tochi ya mkononi.

"Kwa miguu. Chukua, giza litakukuta njiani."