Alisema "Na" au "Au"?

"Alisema *au*," Sitt Dawlat wa ghorofa ya tatu akashikilia. "Mlango wangu ulikuwa wazi."

"Lini uliwahi kufungwa?" nikamuuliza. "Alisema *na*. Na kama ulisikia *au*, mbona ukateremsha kikapu?"

"Mkono ulitangulia, Umm Hanadi."

Jengo zima tulikuwa ngazini. Inshirah kakaa kwenye kidato, analia. Jana mumewe, Usta Shawqi fundi bomba, alimwapia talaka kwa hasira: ukipanda kwa Dawlat *na* ukila chakula chake, umeachika. Au alisema: ukipanda *au* ukila. Leo Dawlat kamteremshia mahshi, mboga zilizojazwa wali, kwa kikapu dirishani, naye kala bila kupanda hata ngazi moja. Sheikh tulipompigia simu alitaka maneno yenyewe kwanza.

Binti yangu Hanadi, aliyeshafeli mtihani wa mantiki chuoni, akachora jedwali ukutani kwa chaki. Kapanda, kala. Kapanda, hakula. Hakupanda, hakula.

"Na mimi niko wapi?" Inshirah akauliza.

Hanadi akakodoa macho. "Mambo mawili, kila moja ndiyo au hapana. Lazima mistari minne. Nimeruka mmoja." Akaongeza: hakupanda, kala.

"Nani angekumbuka huo?" nikasema. "Chakula cha Dawlat watu hukipandia."

"Kwa *na*, anaachika kwenye mstari mmoja tu, kapanda na kala. Kwa *au*, mitatu, na wake umo."

"Mitatu kati ya minne," Dawlat akaguna. "Hiyo ndoa au kamari?"

Shawqi akaingia na mkoba wa spana. Sote tukamgeukia.

"Nilisema *na*," akasema, akitazama viatu vyake. "Apande apige umbea wake. Kinachoniuma ni akila huko akashuka kashiba, nami nikae mezani peke yangu kama mjane."

Sheikh akapigiwa tena, akamuuliza nia yake, akasema mke bado ni wake, ila aache kuapa ovyo.

"Ila usipande tena, abla Inshirah," Hanadi akaonya. "Kula umeshakula; ukipanda, yametimia yote mawili."

"Basi nitashuka mimi," Dawlat akasema, na alishaenda kuchukua sufuria.

Inshirah akajifuta machozi, akafungua mlango wake. Shawqi kasimama tu, mkoba mkononi.

"Wewe hukujiapia usile cha Dawlat," mkewe akamwambia. "Nawa mikono, ingia tule."